Kabla hujauza fahali: kozi ipi kwa mtoto anayetaka michezo au sanaa?

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini mke wangu kwao ni Iguhu, kaunti ya Kakamega, kwa Waidakho. Kila Disemba tukijaliwa nauli hupanda basi tukaenda kuwajulia hali wakwe. Na kila tukienda, shemeji zangu huniamsha alfajiri kabla jogoo hajamaliza kuwika, kwa sababu huko mafahali hupiganishwa asubuhi na mapema, jua likiwa bado halijawa kali.

Wenzangu wa Pwani ambao hawajaona mchezo huo wasidhani ni ule wa Pemba. Pemba mtu ndiye humchezea ng'ombe kwa kitambaa, huku akina mama wakiimba na kupiga makofi. Iguhu ni fahali kwa fahali. Kila mmoja huletwa uwanjani na watu wa kwao wakikimbia pembeni yake, na ngoma za isukuti zikilia tangu nyumbani kwa mwenyewe hadi kiwanjani. Pembe zikishikana, umati husogea. Mmoja akigeuza mgongo akakimbia, mchezo umekwisha, na wewe ukae chonjo maana hachagui njia. Sisi tumezoea kusema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Kule niligundua kwamba wanaoumia ni hata watazamaji wasio na mbio.

Lakini makala haya si ya mafahali. Ni ya karo.

Baba mkwe wangu ana fahali mmoja anayejulikana tarafa nzima. Disemba iliyopita nilikuta mazungumzo ya kumuuza. Sababu ilikuwa binti wa shemeji yangu, ambaye mama yake ni dada mkubwa wa mke wangu, kwa hiyo mimi ananiita baba mdogo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na kupata C. Ni mchezaji mzuri wa kandanda, na tangu utotoni hasemi jingine ila michezo. Alikuwa amepata barua ya kukubaliwa katika chuo kimoja nitakachokiacha bila jina, kusomea diploma ya usimamizi wa michezo na burudani. Karo ya mwaka mzima ilitakiwa ilipwe kabla ya kuripoti. Barua iliahidi kwamba wahitimu watapata kazi kwenye Kombe la Afrika la 2027, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda wanaliandaa pamoja.

Nikamuuliza, "Mwanangu, chuo hiki umekijuaje?"

"Nimekiona kwenye Facebook, baba mdogo. Nilipenda jina la kozi."

Hapo ndipo nilipoomba wazee tungoje siku tatu kabla fahali hajapelekwa sokoni. Yale niliyoyasema katika siku tatu hizo ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa, kwa sababu najua Likoni, Kisauni, Malindi na Lamu kuna nyumba nyingi zenye barua kama ile mezani, na huko kinachotaka kuuzwa ni shamba la minazi au mkufu wa mama.

Hesabu watu walio kando ya uwanja

Siku ya kwanza nilimchukua binti pamoja na nduguye, kijana mpiga isukuti, tukarudi kiwanjani. Nikawaambia wasitazame mafahali. Wahesabu watu walio kazini.

Wakaanza. Mwenye fahali. Vijana wanaomlisha na kumtunza mwaka mzima. Daktari wa mifugo. Wapiga ngoma, mpuliza pembe na mwimbaji kiongozi. Mtangazaji mwenye kipaza sauti na fundi wa spika zake. Vijana wawili wanaopiga video kwa simu na kuzipandisha mtandaoni. Wazee wanaosimamia kanuni na kuamua nani ameshinda. Watu wa usalama. Mama wa chai na mandazi. Bodaboda wasiohesabika. Afisa wa kaunti aliyekuja na daftari.

Nikawauliza, "Katika hao wote, nani kazi yake inaitwa 'michezo na burudani'?" Hakuna. Mmoja ni mganga wa wanyama, mwingine fundi wa umeme, mwingine mwanamuziki, mwingine mfanyabiashara, mwingine mpiga picha. Wote wanakula kwa mchezo, lakini kila mmoja ana kazi yake yenye jina lake na ujuzi wake.

Chukua sasa mechi moja ya ligi. Wachezaji walioanza ni 22. Wanaofanya kazi ili wale 22 wacheze ni wengi kuliko wao: makocha, waamuzi, daktari, mtaalamu wa tiba ya viungo, mhasibu wa klabu, wakili anayeandika mikataba, mtunza nyasi, mafundi wa kamera, watangazaji, waandishi, wauza tiketi, walinzi. Mchezaji akifika miaka 35 huwa anaaga. Mhasibu akiwa na miaka 35 ndiyo kwanza amekolea.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni kuchagua kozi kwa jina lake. Mtoto anapenda michezo, anaona kozi ina neno "michezo", anaona imemfaa. Anza na kazi: unataka kusimama upande gani wa uwanja, na unafanya nini pale? Ukishajibu hilo, kozi hujileta yenyewe.

Kila kazi ina mlango wake

Jambo la pili ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba kazi nyingi za michezo haziingiwi kwa cheti cha chuo peke yake. Kila moja ina bodi au shirika linaloshika ufunguo.

Anayetaka ukocha wa kandanda ajue kwamba kinachomruhusu kukaa kwenye benchi la ligi ni leseni za Shirikisho la Soka Afrika, CAF, zinazopanda kutoka daraja la D hadi A na kuendelea, na kozi zake hupitia shirikisho la nchi. Shahada ya sayansi ya michezo itamsaidia sana kuelewa mwili na mazoezi, lakini haichukui nafasi ya leseni. Vivyo hivyo uamuzi: mwamuzi hupandishwa daraja na shirikisho, na wengi wao wana kazi nyingine mchana.

Anayetaka kufundisha michezo shuleni anahitaji kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Kwa shule za upili hilo kwa kawaida maana yake ni shahada ya ualimu yenye masomo mawili ya kufundishia. Njia hii watu huidharau, kumbe michezo ya Kenya imejengwa na walimu. Bruda Colm O'Connell aliyefika shule ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976 alikwenda kufundisha jiografia. Riadha aliikuta pale, akaisomea kiwanjani, na mikononi mwake wakapita mabingwa wa dunia. Hata hapa Kakamega, sifa ya kandanda ya shule kama Kakamega High na Musingu ni jasho la walimu kabla ya kuwa jasho la mtu mwingine.

Anayetaka kutibu wachezaji anaweza kusomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kinafundisha diploma yake, na vyuo vikuu vina shahada. Tangu sheria ya mwaka 2014 kuna baraza linalowasajili wataalamu hao. Bila usajili huo hugusi goti la mtu kwa malipo.

Anayetaka sheria ya michezo asitafute diploma ya sheria ya michezo. Asome sheria kamili, miaka minne, kisha apite Shule ya Sheria ya Kenya na mafunzo ya kazi kama mawakili wengine. Kazi ipo. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda Mahakama ya Kutatua Migogoro ya Michezo, na mwaka 2016 ikaja sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli iliyounda shirika la ADAK. Wanariadha wetu wengi wameshtakiwa huko wakiwa hawana mtu wa kuwasemea.

Anayetaka utangazaji wa michezo asomee uandishi wa habari, kisha abobee katika michezo. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, pale Nairobi, imekuwa ikifundisha watangazaji na mafundi tangu 1961, na vyuo kadhaa vya Pwani vinafundisha uandishi. Mwandishi husajiliwa na Baraza la Vyombo vya Habari.

Na kama moyo wake uko kwenye usimamizi wenyewe, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya burudani na usimamizi wa michezo, na nyingine ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kwa jirani zetu Watanzania kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza. Hivyo si kwamba kozi zenye jina la michezo ni mbaya. Zipo za kweli. Ila ujue unakwenda kuchukua nini.

Uwanja ukifungwa utafanya nini?

Siku ya pili, baada ya chai ya asubuhi, nilimsimulia binti habari za Mike Boit.

Boit alipata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Alikuwa kijana, na miaka yake bora ilikuwa mbele yake. Mwaka 1976 Kenya ikasusia Olimpiki ya Montreal. Mwaka 1980 ikasusia ya Moscow. Olimpiki mbili zikampita, na yeye hakukosa wala hakuumia. Ni mambo ya serikali tu. Mtu mwingine angebaki kuhadithia baa. Yeye alikuwa Marekani kwa msaada wa masomo ya wanariadha, akasoma mpaka udaktari wa falsafa. Akarudi nyumbani, akawa kamishna wa michezo wa nchi, kisha profesa wa sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mbio zilimfungulia mlango wa chuo, na chuo kikamtunza mbio zilipokwisha.

Ndiyo maana swali la pili ninalomwuliza kila mtoto ni hili: uwanja ukifungwa, kozi yako itakulisha wapi kwingine? Sote tunaukumbuka mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja, kumbi na harusi. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliendelea kupata wagonjwa waliovunjika kwa ajali za pikipiki. Mhasibu aliendelea kuhesabu. Fundi wa sauti aliyesomea umeme alitengeneza vitu vingine. Waliokwama ni wale ambao ujuzi wao wote ulikuwa ndani ya uwanja mmoja.

Kwa mtoto ambaye ana uwezo wa kweli wa kucheza, maana yake si aache kucheza. Acheze akisoma. Wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikwenda Jamhuri ya Dominika mwaka 2024, wakawa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufika Kombe la Dunia la daraja lolote. Ni fahari kubwa. Lakini hata katika timu ile, watakaoishi kwa mpira tu mpaka uzee ni wachache. Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limeliona jambo hili tangu 2001: wasichana hucheza mpira, na humo humo hufundishwa uongozi, afya na kusimama wenyewe. Mpira unakuwa darasa.

Na wale wa ngoma, je?

Nduguye yule mpiga isukuti alikuwa amenyamaza muda wote. Mwishowe akasema, "Baba mdogo, hizo za madaktari na mawakili nimezisikia. Mimi najua ngoma."

Nikamwambia ngoma yake ina cheo kuliko anavyodhani. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, orodha ile ile ambayo mila za Kaya za Wamijikenda ziliingizwa mwaka 2009. Kuwekwa humo ni sifa na ni onyo. Maana yake wazee wanaojua wanaondoka, na vijana wanaopokea ni wachache. Mtu anayejua kupiga ngoma tatu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, na pia anajua kuzirekodi, kuziandika na kuzifundisha, huyo si wengi.

Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Ila siku hizi anayetunzwa ni yule aliyeongeza elimu juu ya alichokikuta kwao. Angalia wimbo wa taifa letu. Sauti yake ilitoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, na aliyeutoa ni Mzee Menza Morowa Galana wa Tana. Waliouandaa ukawa wimbo wa taifa mwaka 1963 ni watu watano: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Kalume ni wa Pwani, na Kibukosya ni wa huku Magharibi. Hao walikuwa watu wenye elimu ya muziki, wanaojua kuandika noti na kupanga sauti. Bila Mzee Galana hawangekuwa na wimbo. Bila wao wimbo ungebaki mtoni Tana. Na Arthur Kemoli, ambaye nyimbo zake za kwaya ziliimbwa nchi nzima, alikuwa mhadhiri wa fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi. Fasihi ilimlisha, muziki ukamtangaza.

Kwa anayetaka muziki, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki na densi, na Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music iliyoanza 1944. Kwa sisi wa Pwani, karibu zaidi kimoyo ni Zanzibar: Dhow Countries Music Academy pale Mji Mkongwe, tangu 2002, inafundisha udi, kanuni, fidla na taarab kwa jumla pamoja na ngoma. Bara pale Bagamoyo kuna TaSUBa, kilichoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, kinachofundisha ngoma, maigizo, muziki na sanaa za ufundi. Kijana wa isukuti hapotei akienda huko.

Kwa filamu, KIMC tena, na vyuo vikuu vyenye idara za maigizo na filamu. Lakini wengi husahau kwamba watu huingia katika filamu kwa mlango wa nyuma. Lupita Nyong'o kabla ya kupokea tuzo ya Oscar mwaka 2014 aliwahi kuwa mtumishi mdogo wa utayarishaji kwenye filamu ya The Constant Gardener iliyopigwa hapa Kenya. Kisha akaenda kusoma uigizaji Yale. Alionja kazi kwanza, akasoma baadaye. Kijana wa Mombasa asiye na karo anaweza kuanzia Swahilipot Hub, jirani na Fort Jesus, ambako tangu 2016 vijana wa sanaa na wa teknolojia wamekuwa wakikutana.

Na kwa kila msanii, awe amesoma lolote, kuna somo moja la lazima: hakimiliki. Kazi yako ni mali yako maisha yako yote, na sheria ya Kenya inaendelea kuilinda kwa miaka 50 baada ya kufa kwako. Sheria iliporekebishwa mwaka 2019 ilisema mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu. Wangapi kati ya waimbaji wetu wanalijua hilo? Tumewazika mabingwa wa taarab waliosikika kila harusi ya Pwani, nasi wenyewe tukachanga pesa za sanda. Kijana anayesoma biashara au sheria na kuja kusimamia kazi za wasanii wa kwao atakuwa ameingia katika burudani kwa mlango ambao bado una nafasi.

Barua ile tulivyoichunguza

Siku ya tatu tulikaa na simu yangu na barua ya chuo. Haya ndiyo tuliyoyafanya, na kila mzazi anaweza kuyafanya bila kulipa mtu.

Kwanza, tuliangalia kama chuo kinatambuliwa. Shahada husimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Diploma na vyeti vya ufundi husimamiwa na TVETA. Zote zina orodha mtandaoni. Chuo kile tulikikuta.

Shemeji akashusha pumzi. Nikamwambia asubiri.

Pili, tuliangalia kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa kufundisha kompyuta na ushonaji, kisha kikaongeza kozi nyingine ambazo hazijaidhinishwa. Hiyo ya michezo na burudani haikuwamo.

Tatu, tulipiga simu kuuliza mtihani wa mwisho unatolewa na nani. Diploma za nchi hii kwa kawaida zina mtahini wa nje, kama vile KNEC au CDACC. Tuliambiwa chuo hujitahini chenyewe, kisha mazungumzo yakahamia kwenye siku ya mwisho ya kulipa karo.

Nne, tuliuliza kama mwanafunzi anaweza kuomba mkopo wa HELB kwa kozi hiyo. Jibu halikueleweka. Ukisikia hivyo, jiulize kwa nini.

Tano, tuliuliza mazoezi ya kazini hufanyika wapi, kwa muda gani, na kama tunaweza kuzungumza na mhitimu mmoja. Hakukuwa na mhitimu.

Ahadi ya kazi za Kombe la Afrika ilikuwa chambo. Mashindano ya mwezi mmoja hayafanyi ajira ya maisha. Tuliona mashindano ya CHAN Agosti 2025, Nairobi, Dar, Kampala na hata Amaan kule Zanzibar. Vijana wengi walipata kazi za kujitolea na za siku chache, na ni vizuri waende, wapate uzoefu na watu wa kufahamiana nao. Lakini waliopata mikataba minono ni wale waliokuwa tayari na ujuzi wa kamera, wa tiba, wa usalama, wa fedha. Mashindano yaliwakuta wakijua.

Neno kwa wenye watoto wadogo

Wazazi wenye watoto wa mtaala mpya, uamuzi huu umewajia mapema zaidi. Wanafunzi wa kwanza wameingia gredi ya 10 Januari 2026, na huko huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Msimkimbize mtoto kwenye mkondo wa tatu kwa kuwa anapenda mpira, wala msimzuie kwa kuwa mnauona ni wa wavivu. Rudini kwenye swali lile lile la kando ya uwanja. Anayetaka kutibu wachezaji anahitaji biolojia. Anayetaka kuwatetea mahakamani anahitaji lugha. Anayetaka kupiga udi au kucheza densi kwa kiwango cha juu, huo mkondo wa sanaa ndio wake. Kaeni na mwalimu, muulize shule ina vifaa na mwalimu wa somo hilo au ina jina tu.

Fahali aliishia wapi?

Usiku wa siku ya tatu binti alinifuata jikoni. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Akiwa kidato cha tatu aliumia goti uwanjani. Alikandwa na maji moto, akafungwa kitambaa, akarudi kucheza baada ya wiki mbili. Halijapona sawasawa mpaka leo.

"Timu nzima hakuna aliyejua la kufanya," akasema. "Hata mwalimu. Nilikuwa natamani awepo mtu mmoja tu anayejua."

Nikamwambia, "Basi, huyo mtu kwa nini asiwe wewe?"

Hakujibu usiku ule. Asubuhi alinijia na daftari, ameandika alama zake za biolojia, Kiingereza na Kiswahili, anauliza kama zinafika. Zilifika. Ameomba fiziotherapia. Jumamosi anafundisha kandanda wasichana wadogo wa shule ya msingi pale karibu, na ananiambia anataka leseni ya D ya ukocha akishapata nafasi. Nduguye amejiandikisha taasisi ya ufundi kusomea umeme, huku ameanza kurekodi wazee wa isukuti kwa simu, mzee mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina lake na wimbo wake.

Fahali aliuzwa. Sitawadanganya kwamba ushauri wangu ulimwokoa. Karo ni karo, na elimu ya kweli nayo hulipiwa. Baba mkwe alimsindikiza mwenyewe hadi sokoni, na ngoma zikapigwa njia nzima kama anakwenda kupigana. Mnunuzi alikuwa mtu wa kijiji cha pili, kwa hiyo Disemba ijayo tutamwona tena uwanjani akiwa wa wengine.

Mzee alirudi kimya, akakaa chini ya mti. Kisha akamwita mjukuu wake, akamkabidhi pesa mkononi, akamwambia kwa Kiidakho maneno ambayo mke wangu alinitafsiria: "Huyu alikuwa akipigana asubuhi moja tu. Wewe nenda ukapigane miaka yote."